Judge Dredd wa mwanzo: uanze na juzuu ipi?

Jumapili moja mchana nimekaa kibarazani nasubiri wali uive, mpwa wangu akaja kunirudishia tableti. Akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani aliyoshindwa kuimaliza.

"Mjomba," akasema, "samahani, lakini hii ni ya watoto."

Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na kitu wa juzuu ya kwanza ya Judge Dredd. Nami wiki nzima nilikuwa nimemjaza maneno: katuni ya kisayansi iliyodumu kuliko umri wangu, siasa ndani, kejeli ndani, michoro usiseme. Halafu nikamwambia aanze mwanzo, kwa sababu ndivyo mtu mwenye akili anavyosoma kitabu. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa hiyo nimezirudia juzuu 5 za kwanza mfululizo, nyingine nimezisomea kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni nikiwa nimening'inia kwa mkono mmoja, ili nimjibu vizuri. Jibu lenyewe nalitoa hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Kwa asiyemjua bwana huyu: 2000 AD ni jarida la katuni la Uingereza linalotoka kila wiki. Toleo la kwanza lilitoka Februari 1977, na nyota aliyetegemewa kuliuza alikuwa Dan Dare, rubani wa anga aliyekwisha kuwa maarufu tangu miaka ya hamsini. Dredd aliingia toleo la pili, Machi, kimyakimya. Walimbuni mwandishi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra, mhariri Pat Mills akiwa mkunga. Anaishi Mega-City One, jiji lililoumeza mwambao wote wa mashariki wa Marekani, lenye watu milioni 800 ambao wengi hawana kazi kwa sababu kazi zote zinafanywa na roboti. Huko polisi na mahakama ni mtu mmoja. Jaji anakukamata, anakuhukumu palepale barabarani ukiwa bado umeshika ulichoiba, na kama hukumu ni kifo, bunduki anayo kiunoni. Kofia haivui. Miaka yote hii tumeona kidevu tu.

Na anazeeka. Hadithi za 1977 zinatokea mwaka 2099, na mwaka wetu mmoja ni mwaka wake mmoja. Sisi tuliokulia gazeti la Sani tumezoea Madenge yule yule, mtukutu yule yule, hakui hata siku moja. Dredd anakua, anachoka, na makosa yake yanamfuata. Ndiyo maana swali la uanzie wapi lina uzito. Kwa Madenge uliokota toleo lolote ukaenda.

Mimi mwenyewe nilianzia katikati, tena kwa bahati. Miaka ya tisini, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai karibu na Posta, nilipata toleo moja lisilo na jalada. Ndani, jaji anatambaa mchangani, sare imechanika, midomo imepasuka, peke yake jangwani, na anakataa kufa. Mwisho wa ukurasa: itaendelea wiki ijayo. Wiki ijayo yangu ilichukua zaidi ya miaka kumi. Kuanzia 2005 hadithi zote zilianza kukusanywa kwa mpangilio wake kwenye vitabu vinene viitwavyo The Complete Case Files, na hizo ndizo juzuu ninazozilinganisha.

Nina kipimo kimoja tu. Kila juzuu nimeiuliza: je, waandishi wanajua wanayemcheka ni nani? Kwa sababu Dredd akisomwa kama shujaa safi anachosha baada ya kurasa hamsini. Utamu uko pale unapogundua kwamba unamshangilia mtu ambaye, akitokea mtaani kwako, ungefunga mlango.

Juzuu ya 1: vurugu ya jikoni

Hii inabeba matoleo ya 2 hadi 60. Wachoraji ni wengi, waandishi wengi, na kila mmoja ana Dredd wake. Mahali pengine kidevu ni kipana kama jembe, pengine ni kijana mwembamba wa miguu mirefu. Mwanzoni jiji linaitwa New York, mara limekuwa Mega-City One. Ezquerra, aliyechora ile sare yenye tai begani, alikuta hadithi ya kwanza iliyochapishwa imechorwa na kijana aitwaye Mike McMahon. Akakasirika, akachora vipande vichache, akaenda zake.

Hadithi nyingi ni za kurasa chache: jambazi anatokea, Dredd anafika, jambazi anajuta. Ukizisoma kumi kwa mkupuo unaona kiunzi. Mpwa wangu alikuwa na haki. Waandishi bado wanamshangilia mtu wao, na kipimo changu hapa kinasoma chini.

Lakini humo humo kuna vitu. Katika hadithi ya kwanza kabisa, jambazi aitwaye Whitey ameua jaji na kuvaa kofia yake. Dredd hamuui. Anampeleka Devil's Island, gereza lisilo na ukuta: kipande cha ardhi katikati ya makutano ya barabara, magari yanapita pande zote usiku na mchana kwa kasi ya kutisha bila kusimama. Unataka kutoroka? Vuka. Nilicheka peke yangu ndani ya basi, dada aliyekaa mbele akageuka. Mfungwa huyo tungemweka katikati ya Ubungo saa kumi na mbili jioni angejiondokea anatembea, kapenya katikati ya magari, kanunua na korosho njiani.

Kuna pia kipindi Dredd anapelekwa kulinda sheria mwezini, ambako watu wananunua hewa wanayovuta na asiyelipa anakatiwa. Aliyewahi kusikia mita ya LUKU inalia usiku wa manane haelezwi zaidi. Hadithi hiyo imechorwa na Brian Bolland, na mistari yake ni safi kiasi kwamba kurasa za jirani zinaonekana kama zimechorwa kwenye daladala.

Kuna na vita vya roboti, vinavyoongozwa na roboti seremala aitwaye Call-Me-Kenneth. Ni hadithi ndefu ya kwanza ya Dredd, na Wagner ndiye aliyeiandika. Inachangamka, ila ndiyo inayotuletea Walter, roboti mtumishi ambaye kila r kwake ni w. Kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, Walter ni mateso. Ni kama kumfundisha mgeni Kiswahili kwa kutumia mtu anayesema "habali ya asubui".

Halafu, katika toleo la 30, kuna Rico. Huyo nitamrudia.

Juzuu ya 2: safari na kichaa

Matoleo ya 61 hadi 115, na karibu yote ni hadithi mbili ndefu. Hapa ndipo lile jangwa la turubai langu lilipo.

Ya kwanza ni The Cursed Earth, ya 1978. Jiji la pwani ya magharibi limekumbwa na tauni inayowafanya watu wawe wanyama, viwanja vya ndege vimetekwa na wagonjwa, kwa hiyo dawa lazima ipelekwe kwa barabara, kukatiza Marekani yote iliyounguzwa na mabomu ya nyuklia. Dredd anachukua gari la deraya, majaji wachache na mhuni mmoja wa pikipiki, Spikes Harvey Rotten, kwa sababu jangwani unahitaji mtu anayejua uhuni. Sehemu kubwa ni kalamu ya Pat Mills, michoro ya McMahon na Bolland. Kila kituo cha njiani kina kichaa chake: dinosauri waliofufuliwa kwa ajili ya hifadhi ya watalii wakatoroka, rais wa mwisho wa Marekani aliyelazwa usingizi kwa kosa la kuanzisha vita, kiumbe wa sayari nyingine anayeuzwa kama mtumwa. Mwendo ni ule wa basi la mkoani, usipoipenda Chalinze utaipenda Mikumi.

Humu Dredd anaheshimika kweli, labda kuliko mahali pengine popote. Anamtetea mtumwa yule bila hotuba. Anapoteza watu. Na mwisho anatambaa. Nilipoufikia ukurasa ule, safari hii ukiwa na ukurasa unaoufuata, nilizima tableti kwanza nikanywa maji.

Onyo moja la mnunuzi: katika juzuu hii sura nne za safari hazimo. Zilitania kampuni za hamburger na alama za bidhaa mashuhuri, mzozo wa kisheria ukatokea, zikafungiwa kwa miongo. Zilichapishwa tena 2016, katika kitabu cha peke yake kiitwacho The Cursed Earth Uncensored, baada ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza kulegezwa kwa ajili ya kejeli. Hadithi haivunjiki bila hizo sura, lakini mtu asikuambie umeisoma yote.

Ya pili, The Day the Law Died, ni ya Wagner. Jaji mmoja, Cal, anatwaa ukuu wa majaji kwa mauaji, na akili zake zimekwisha kuruka. Amekatwa kutoka kitambaa cha Caligula wa Roma, yule anayesimuliwa kwamba alitaka kumpa farasi wake cheo. Cal anampa cheo samaki. Samaki wa mapambo, kwenye bakuli lake, anakuwa Naibu Jaji Mkuu. Siku nyingine Cal anaamua jiji zima lina hatia na wote wauawe, kwa mpangilio wa alfabeti ili pasiwe na fujo. Wa kwanza kuitwa ni bwana mmoja aitwaye Aaron A. Aardvark. Nilikaa nikafikiri: kwetu akina Abdallah wangekwisha kabla ya chai ya asubuhi, na Zuberi angepata hadi futari.

Kinachochoma ni kwamba majaji wengi wanatii. Amri imetoka juu, muhuri upo, foleni inapangwa. Wagner anacheka, lakini kwa mara ya kwanza anaicheka ile sare yenyewe. Ila bado kuna mlango wa kutokea: jaji mbaya anaondolewa, jaji mzuri anabaki, wananchi wanashangilia. Mtu wa miaka kumi na tano haoni tatizo hapo. Mimi nililiona mara hii.

Juzuu ya 3 na ya 4, kwa haraka

Ya 3 ni mkusanyiko wa hadithi fupi, na ungeweza kuiruka kama isingekuwa na sura tatu za 1980 ambamo Bolland anamchora Judge Death. Huyu ametoka ulimwengu mwingine ambako majaji walikaa wakachunguza, wakagundua kwamba makosa yote hufanywa na walio hai, kwa hiyo uhai wenyewe ni kosa. Huyo ni Dredd aliyefika mwisho wa barabara yake. Jaji Anderson naye anatokea hapa kwa mara ya kwanza, mwanamke mwenye uwezo wa kusoma mawazo na, ajabu ya Mega-City One, mwenye utani.

Ya 4 ina The Judge Child, msako wa mtoto aliyetabiriwa kuliokoa jiji. Dredd anazunguka sayari kibao, kila sayari na vituko vyake, na kwangu inavutwa mno. Wengine wataninunia. Nakubali kwamba ukoo wa majambazi wa Angel, hasa yule mwenye swichi ya hasira kwenye paji la uso yenye namba 1 hadi 4, unastahili nauli. Na mwisho wa juzuu kuna hadithi fupi ya Chopper, kijana asiye na kazi ambaye sifa yake yote duniani ni kuandika ukutani. Kipimo changu hapo kinapanda ghafla, kwa sababu unajikuta upande wa kijana, na jaji ndiye anayekuja kuharibu.

Juzuu ya 5: hapa mchezo umekwisha

Matoleo ya 208 hadi 270. Wagner sasa anaandika pamoja na Alan Grant, na wanajua hasa wanachofanya. Kuna Judge Death anayerudi na wenzake watatu, Bolland tena, na kurasa zile ukizitazama unaelewa kwa nini mtu hununua katuni ambayo hadithi yake anaijua.

Lakini moyo wa juzuu ni Block Mania na The Apocalypse War. Mega-City One watu huishi kwenye maghorofa makubwa, kila ghorofa na makumi ya maelfu ya wakazi, kila moja na jina la mtu mashuhuri. Ugomvi unaanza kwa upuuzi wa balkoni na balkoni. Jioni maghorofa mawili yanapigana. Kesho yake ni kumi. Watu wanavaa rangi za ghorofa lao, wanaimba nyimbo za ghorofa lao, bibi vizee wanachukua bunduki. Msomaji wa Dar hahitaji tanbihi. Siku ya Simba na Yanga nimeona ndugu wa tumbo moja hawapeani chumvi. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu ametia kitu kwenye maji, na nyuma ya mtu huyo kuna East-Meg One, jiji kubwa la Wasovieti, linalosubiri Mega-City One ijichoshe yenyewe.

Vita vinavyofuata alivichora Ezquerra, vyote, mwaka 1982. Yule aliyeondoka kwa hasira karejea. Baada ya wachoraji kupokezana kijiti juzuu nne, kuona mkono mmoja kutoka kombora la kwanza hadi la mwisho ni kama kushuka kwenye daladala tatu za kuunganisha ukapanda treni. Mistari yake minene yenye kingo za msumeno haipendezi kama ya Bolland. Inafaa tu, kwa sababu hapa hakuna kinachotakiwa kupendeza. Nusu ya jiji inakwenda, na hairudi. Hadithi za miaka iliyofuata zinaishi na magofu hayo.

Karibu na mwisho Dredd anasimama mbele ya kitufe. Sisemi zaidi, isipokuwa kwamba anafanya kile ambacho Dredd wa juzuu ya 1 angekifanya pia, kwa sauti ile ile, na kidevu kile kile. Aliyebadilika ni msomaji. Nilipokuwa kijana nilipiga meza kwa furaha. Mara hii nilirudi nyuma ukurasa mmoja nikamtazama yule anayemwomba asibonyeze.

Karatasi au kioo?

Sitakaa sana hapa. Juzuu zote 5 ni nyeusi na nyeupe. Kurasa mbili za kati ambazo jaridani zilichapwa kwa rangi, humu zimekuwa za kijivu, na baadhi zimekuwa tope. Ukitaka kuona rangi za jangwa, ile Uncensored inazo. Simu usijaribu: maneno ni madogo, na picha iliyotandazwa kurasa mbili inakatwa shingo. Tableti ya inchi 10 inatosha. Duka la mtandaoni la jarida lenyewe linauza faili za PDF na CBZ (aina ya faili la katuni) ambazo ukishapakua ni zako, na kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa ya simu ilinitosha kulipia. Karatasi ina raha yake, lakini vitabu hivi ni vinene, usafiri unaweza kukuuma kuliko kitabu, na unyevu wa mji huu unaujua.

Nilichomwambia mpwa

Kama utasoma moja tu maishani, soma ya 5. Unaweza kuingia bila historia, utapotea kurasa kumi za kwanza tu. Kama unapenda safari na kicheko kuliko majivu, au unamnunulia kijana wa sekondari, chukua ya 2. Ya 3 azima kwa ajili ya Judge Death. Ya 4 isubiri siku ya mvua.

Mpwa alichukua ya 2. Siku nne baadaye nikapata ujumbe saa sita usiku: "Mjomba, NAIBU JAJI MKUU NI SAMAKI??" Sasa yuko katikati ya 5, na hapigi simu, dalili nzuri.

Nimemwambia akimaliza arudi kwenye ya 1, aruke mpaka toleo la 30, hadithi ya Rico ya Mills na McMahon. Rico na Dredd walitengenezwa kwenye maabara moja, kutoka mwili wa mtu mmoja, wakasomea ujaji pamoja. Rico akawa jaji fisadi, na aliyemkamata ni Dredd. Miaka 20 ya kifungo kwenye Titan, mwezi wa Zohali, ambako wafungwa hutengenezwa upya mwili ili waishi bila hewa. Sasa karudi na uso usiotazamika, anamtaka ndugu yake. Ni kurasa chache tu. Mpwa hakuzisoma mara ya kwanza, maana hakufika hata huko. Na hata angefika, angeona majambazi wawili wa kofia wanapigana na mmoja anaanguka. Ukitokea kwenye ya 5, ukiwa umekwisha kumwona mbele ya kile kitufe, utamtazama anapomwinua Rico kutoka chini na kukataa msaada wa kumbeba.